Huduma Iliyolipiwa Mbeya

Baba alipofariki, mama aliacha kula. Hakusema hatakula. Alipokea sahani, akamega tonge, akalizungusha mkononi mpaka likawa gumu, kisha akarudisha sahani akisema ameshiba. Uji alikunywa kidogo, tena kwa kubembelezwa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Mvua zilikuwa nzuri Iringa mwaka ule na watu wengi walikuwa mashambani, kwa hiyo msibani kwetu Ipogolo walikuja wachache. Baba alikuwa mlinzi wa usiku. Mtu anayelala mchana hapati marafiki wengi. Majirani wawili walipika siku ya mazishi. Kesho yake nilipika mwenyewe, na keshokutwa pia. Mama aliliona hilo. Kwao, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, mfiwa hagusi sufuria. Watu huja wakapika, wakamnawisha, wakamlazimisha ale. Yeye alilishwa na binti yake, kama siku yoyote nyingine, ila mume hayupo.

Ndugu zake walituma ujumbe aende akapumzike kwao. Sikuwa na mume wakati ule wala mtoto wa kuniweka nyumbani, hivyo ni mimi niliyempeleka. Tulisafiri kwa basi hadi Mbeya, mama akiwa amejifunga kaniki, kichwa kimenyolewa. Njia nzima hakuuliza tumefika wapi.

Mbeya kulikuwa na ofisi iliyouza tiketi za meli. Karani alikuwa mtu mnene aliyevaa sweta mbili kwa baridi.

"Daraja gani, dada?"

"La pili. Mama yangu hawezi kulala chini."

"Na huduma unalipia hapa hapa, au mtawapa wahudumu wenyewe humo ndani?"

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, na katika madarasa hayo sikufundishwa habari za meli. Nikamwambia sielewi. Akanieleza taratibu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Zamani abiria waliwapa wahudumu bakshishi mwisho wa safari, na mhudumu alimjua anayetoa na asiyetoa kwa kumtazama viatu. Sasa ilionekana kuomba-omba vile ni mambo ya kikoloni. Kwa hiyo anayetaka analipa mapema pamoja na tiketi, wahudumu wanagawana baadaye, na humo melini hakuna anayemnyooshea mwenzake mkono.

"Ni lazima?" nikauliza.

"Si lazima, ndugu yangu. Ila usije ukarudi hapa kuniambia chai ilikuwa ya baridi."

Mwanaume mmoja nyuma yangu akacheka. "Lipa, dada. Chai ya baridi na mawimbi havikai tumbo moja."

Nilitazama nje. Mama alikuwa amekaa juu ya mzigo wetu, mgongo kwa barabara. Nililipa. Nisijisifu kwamba nililipa kwa huruma. Nilikuwa nimechoka. Nilimuuguza baba, nikamzika, nikampikia mama asiyekula, na nilitaka kwa siku mbili mtu mwingine abebe kikombe. Karani akapiga mhuri pembeni mwa tiketi zetu. Mama hakuuliza nimelipa nini, nami sikumwambia.

Bandarini Itungi tulipanda meli mchana. Tulipewa chumba kidogo chenye vitanda viwili, kimoja juu ya kingine. Hatujakaa vizuri, mhudumu akaingia. Alikuwa mtu wa makamo, amevaa koti jeupe lililopungua kifungo. Alitazama kaniki ya mama, akainamisha kichwa.

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa, baba."

Akatandika kitanda cha chini, akaweka blanketi la pili juu ya la kwanza, akaenda. Akarudi na chai ya maziwa na mkate. Jioni akaleta ugali na samaki, mbasa wa kuchemsha, akiwa na birika la maji na beseni. Akamnawisha mama mikono, akamwambia, "Kula, mama, ukiwa na njaa ziwa litakusumbua." Akasimama mlangoni mpaka mama alipomega.

Mama alikula. Alikula tonge la kwanza, la pili, akachambua samaki kwa vidole kama alivyokuwa akifanya zamani, mifupa upande mmoja. Mimi nilijifanya natafuta kitu kwenye mzigo ili nisimtazame.

"Umeona?" akaniambia mhudumu alipoondoka. "Mtu hatujui, hatumjui. Kaona kaniki, basi. Watu wa ziwani ndivyo walivyo. Msiba kwetu hauulizi ni wa nani."

Nikasema, "Naona, mama."

"Kule kwenu wangesubiri kwanza wajue marehemu alikuwa na ng'ombe wangapi."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema neno la utani tangu baba azikwe. Aliendelea kusimulia jinsi mama yake alivyokuwa akienda kupika misibani vijiji vitatu mbali, kwa mtumbwi, chungu kikiwa mapajani. Nilisikiliza. Nilijua kilichokuwa kimepigwa mhuri kwenye tiketi, na nilijua kwamba nikisema, mkono ule utarudi kuzungusha tonge. Si kawaida yangu kukaa na jambo hivyo. Nilikaa nalo mpaka asubuhi, na halikuniachia nafasi ya kula wala kulala.

Asubuhi mama aliamka mapema, akafungua mzigo, akatoa kifurushi cha maharage ya shamba letu. Kwao aliyekuja kuhudumia msiba haondoki mikono mitupu. Mhudumu alipoleta chai, mama akampa kifurushi kwa mikono miwili.

"Mpelekee mke wako."

Yule bwana akarudi nyuma hatua. "Aa, mama, utanitia matatani. Haturuhusiwi kupokea tena. Ninyi mmeshalipa kila kitu kule Mbeya."

"Tumelipa nini?"

"Huduma, mama. Binti yako kalipa. Ipo kwenye tiketi."

Mama alinigeukia. "Umewalipa waje kunihudumia msiba?"

"Nimelipia huduma, mama. Chai, chakula, kitanda. Ndiyo."

"Msiba gani tena?" mhudumu akasema, akitutazama kwa zamu. "Hii ni chai ya daraja la pili."

Mama akaweka kikombe chini kikiwa kimejaa. Mhudumu akaona hapamfai, akatoka.

Meli ilisimama mbele ya kijiji fulani, mitumbwi ikaja kuchukua watu na magunia, kelele zikaingia kwa dirisha.

"Kwa hiyo ulininunulia watu," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini hukuniambia jana, nilivyokuwa naropoka hapa?"

"Ulikuwa unakula."

Mama akalala akageukia ukuta. Chai ikapoa, ikafanya utando juu. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, miguu yake ikigusa mgongo wangu, nikawaza kwamba nimemfikisha karibu kabisa na kwao na sasa nitamkabidhi akiwa vilevile alivyotoka Ipogolo, au vibaya zaidi, kwa sababu Ipogolo alikuwa hajadanganyika.

Saa za mchana mhudumu akaleta chakula, ugali na mbasa tena. Aliweka taratibu, hakutazama mtu. Alipotaka kutoka, mama akaketi.

"Baba, nikuulize, na usinifiche. Jana uliniambia pole. Hiyo nayo tuliilipia?"

Mhudumu alishika mlango akafikiri. Nilimwomba kwa macho aseme jambo zuri. Hakunitazama.

"Mama, kusema kweli, hata sikumbuki kama nilisema. Humu watu wa msiba hawakosi kila safari. Nikiona kaniki nasema pole, mdomo umezoea."

"Na binti yangu asingelipa?"

"Pole ungeipata." Akajikuna shingo. "Chai ndiyo sina hakika."

Mama alitoa sauti puani. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Ilikuwa fupi, ikakatika, lakini mhudumu naye akacheka kwa kujihurumia, akasema, "Si umeniambia nisikufiche?"

"Nimekwambia. Weka hilo birika hapo, nenda kahudumie wengine."

Alipoondoka, mama alikaa akiitazama ile sahani. Nilingoja aisukume. Kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu, kuanzia kichwani, kama mtu anayekagua nguo iliyotoka kwa fundi.

"Wewe umekula lini?"

Nilikumbuka mkate wa basi, nusu yake.

"Nakuuliza, umekula lini?"

"Sijui, mama."

"Na wewe umefiwa na baba," akasema. Alisema kama mtu anayeambiwa habari hiyo na mwingine. "Nani amekupikia?"

Tangu siku ile ya mazishi nilikuwa nimeulizwa chumvi iko wapi, jembe liko wapi, mama analalaje. Hilo sikuwa nimeulizwa.

Akavuta beseni kwa mguu, akashika birika. "Lete mikono."

"Mama, wewe ndiye—"

"Lete mikono, nimesema."

Akanimwagia maji, akanikausha kwa pindo la kaniki yake. Akamega ugali, akachovya kwenye mchuzi, akaniwekea tonge mkononi, akakaza macho mpaka nilipomeza. Ndipo akamega la kwake. Alikula kwa haraka kidogo, bila raha, kama mtu anayemaliza kazi, lakini hakurudisha kitu. Kila nilipopunguza mwendo alinisogezea samaki. Machozi yalikuwa yakiniingia mdomoni na hakuniambia ninyamaze.

Mhudumu alirudi kuchukua vyombo. Akachungulia, akasema tunakaribia kufika, tufunge mizigo.

"Ngoja kwanza," mama akamwambia. "Hatujamaliza. Na kama jikoni kumebaki ugali, ongeza. Si tumelipa?"