Ndugu wa Kunyonya

Mama yangu alianguka jikoni akichochea moto, na upande wa kulia wote ukafa papo hapo. Wakati huo mume wangu alishafariki, binti yangu wa pekee ameolewa Morogoro, na kaka yangu yuko Mwanza na kazi yake. Kwa hiyo tulibaki wawili, mimi na mama, katika nyumba ya udongo upande wa Janga, kwenye ule mstari wa nyumba tuliopimiwa tulipokusanywa kwenye kijiji cha ujamaa. Watu walipita kunipa pole. Niliwajibu nishapoa, kwa sababu ndivyo inavyojibiwa.

Aliyewahi kumuuguza mtu aliyepooza hana la kuniuliza. Asiyewahi, nimweleze: kazi si kulisha, kazi ni kugeuza. Mtu akilalia upande mmoja tangu alfajiri hadi adhuhuri, ngozi inaanza kuoza, na mama yangu alikuwa mnene wa kweli, si wa kusingiziwa. Nilimvuta, nikamsukuma, nikaweka goti kitandani. Nguo zake nilizifua kwa majani ya mpapai, maana sabuni katika duka la kijiji ilikuwa hadithi tu. Sikulia. Sikuwa na huzuni wala furaha, nilikuwa kama mguu ulioingia ganzi, unaugusa na hausikii.

Mwaka haujaisha, akaja yeye.

Hapa inabidi nirudi nyuma. Asili yetu ni Kisarawe. Baba alihamia huku kufuata mashamba ya mpunga karibu na Ruvu nikiwa msichana, lakini misiba na harusi zetu zote zilikuwa kulekule, na mimi kila nikipata sababu nilikwenda. Nyumba ya pili kutoka kwa bibi palikuwa na kijana tuliyezaliwa naye mwaka mmoja. Mwaka wa Uhuru, watu wako uwanjani wanacheza ngoma, mimi na yeye tulikuwa kwenye mikorosho tunabishana watoto wetu wataitwa majina ya upande upi. Nilimpenda. Naliandika hivyo hivyo, sina namna nyingine ya kuliweka.

Wazee wake wakaleta posa. Mama aliwapokea vizuri, akawapikia, wakala, wakanawa, ndipo akawaambia haiwezekani, watoto hawa wamenyonya ziwa moja. Alisema mama yake yule kijana alipojifungua alipata jipu la ziwa akawa hoi, na yeye ndiye aliyemnyonyesha mtoto. Jipu lilikuwa la kweli, kila mtu alilikumbuka. Mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyefuatana na wazee, akamuuliza alimnyonyesha mara ngapi, kwa kuwa ili wawe ndugu sheria ya dini inataka mara tano za kushiba. Mama akajibu, "Nani ahesabu? Mpaka ikawa akiniona mimi anaacha kulia." Mwenye jipu mwenyewe hakuwa na la kubisha. Siku zile homa ilimshika hata hakujua nani kambeba mwanawe.

Basi, ikaisha. Mwaka uliofuata niliolewa Mlandizi na mtu mwema asiye na maneno mengi, nikakaa naye bila ugomvi mpaka alipokufa. Yule kijana naye akaoa kwao.

Ndiye huyo sasa alikuwa amesimama uani kwangu, mvi kichwani, msumeno umefungwa kwenye gunia. Alikuwa fundi seremala, amepata kazi ya kutengeneza madawati ya shule ya kijiji chetu na za jirani. Mkewe alikuwa amefariki. Baba yake alikuwa Kisarawe, macho hayaoni tena, anaangaliwa na shangazi mmoja ambaye naye alihitaji kuangaliwa.

"Nimesikia mama anaumwa," akasema. "Nimekuja kumwona mama yangu."

Hakuna aliyeshtuka. Kijiji kiliambiwa, na baada ya wiki kilikuwa kimekwisha kubali: mwana wa ziwa ni mwana. Angeingia mwanamume mwingine chumbani mwa mama, ningekoma kwa maneno ya watu. Yeye alivua viatu, akaingia, akakikagua kitanda, akasema kamba zimelegea ndiyo maana mgonjwa anazama katikati. Aliziwamba upya siku ileile. Kisha akaniambia, "Dada, shika huku."

Alinifundisha kumwinua. Mmoja anakaa upande huu na mwingine upande ule, mikono inapita chini ya mgongo na chini ya mapaja, kila mtu anamkamata mwenzake kifundo cha mkono, halafu mnanyanyuka pamoja. Mara ya kwanza vidole vyake vilipofunga kwenye mkono wangu, chini ya mgongo wa mama, nilisikia. Miaka ishirini nilidhani jambo lile limekufa na kuzikwa, kumbe mkono ulikuwa haujaambiwa.

Alikuja asubuhi kabla ya kazi, akaja jioni baada ya magharibi. Ijumaa alipanda basi hadi Kariakoo, akapanda jingine hadi Kisarawe kumwogesha baba yake, Jumapili akarudi. Tulisema kidogo sana. "Dada, maji yamechemka?" "Kaka, kuna kiporo cha mihogo." Jirani yangu, mwanamke asiyeweza kukaa na neno mdomoni, alinitania: "Wa tumbo yuko Mwanza anatuma salamu, wa ziwa ndiye anabeba. Mwenzetu una bahati." Nikamwambia naam, nina bahati.

Nilimpenda tena, na nilijionea aibu. Kama mama alisema kweli, basi nilikuwa nampenda ndugu yangu, na nilikuwa nampenda kila siku mara mbili, mbele ya mama yetu.

Kile kiharusi kilimharibu mama ulimi, na akili zake zilikuwa zinakuja na kwenda. Alasiri moja nilikuwa nampaka mafuta mgongoni, akili zikaja. Akasema, "Mtoto wa watu mnamsumbua bure."

"Mtoto wa watu gani, mama? Si mwanao yule?"

"Mimi sikumnyonyesha. Walimpa maziwa ya mbuzi."

Nikaacha kupaka. "Basi kwa nini ulisema?"

Alinitazama kwa lile jicho lake zima, kama ninayeuliza ya kitoto. "Kisarawe mbali. Ungekwenda, nani angekuwa ananigeuza?"

Halafu akataka uji. Nilimpa uji, nikamfuta kidevu, nikaosha bakuli. Ningependa kuandika kwamba nilitetemeka au nilipiga ukuta, lakini sikufanya hivyo. Hasira ilikuja baada ya siku kadhaa, nikiwa foleni ya sukari, hata nikasahau nilichofuata nikarudi nyumbani na kapu tupu.

Yeye nilimwambia uani, akiwa ananoa msumeno. Aliendelea kunoa.

"Kwa hiyo ni halali," akasema.

"Ni halali."

"Kesho naongea na imamu."

"Ongea," nikamwambia. "Lakini ukishanioa, utakuwa nani wa mama?"

Akaacha kunoa. Alijua. Kwetu sisi mkwe hakanyagi chumba cha mama mkwe wake, seuze kumshika mgongo na mapaja. Hata njiani akimwona anampisha. Mwana wa ziwa anaruhusiwa, mkwe ni mwiko, na watu wangetusimanga mpaka kwa wajukuu. Siku ambayo tungefunga ndoa ndiyo siku ambayo ningebaki peke yangu na mwili ule, na mimi mgongo wangu ulishaanza kulia kila nikiinama.

"Tungoje," nikasema.

Tulijua tunangoja nini, na hakuna aliyelitaja. Ni jambo zito kumlisha mama yako uji huku unangoja. Yeye akaniambia tu, "Siku ikifika mimi sitasema kitu. Aliyesikia ni wewe, atakayesema ni wewe." Nikakubali.

Masika ikapita, ikaja nyingine. Alimwinua mama asubuhi, akamwinua jioni. Kuna siku aliniachia mkono upesi na kuna siku alichelewa kidogo kuuachia. Jingine hatukufanya, anayetaka kuamini aamini. Mama naye akawa anamwita "mwanangu" kila akimwona, sijui kwa kusahau au kwa ukaidi, maana alikuwa navyo vyote viwili. Yeye alimwitikia, "Labeka, mama," na nilimwona kwamba haigizi. Alimpenda yule mwanamke aliyetutenganisha. Nilitaka kumchukia kwa ajili hiyo nikashindwa, nilikuwa nimechoka mno.

Mama alikufa asubuhi, amelala upande tuliomgeuzia wenyewe. Sanda ilipatikana kwa kibali cha ofisi, kitambaa chepesi, ndicho kilichokuwapo. Wanawake walimwosha, na mwoshaji alipotoka aliwaambia wenzake kwamba maiti ya mtu aliyelala muda wote huo haina hata kidonda kimoja. Wakasema mashallah, wakanitazama. Mimi nilikuwa mkekani, mikono mapajani, nasikia yote kwa mbali.

Imamu akaja mpaka dirishani. Alitaka kujua nani watateremka kaburini kumpokea. Maiti ya mwanamke hupokewa na maharimu wake, wanaume ambao hawezi kuolewa nao: mwana, kaka, mtoto wa dada. Kaka yangu alikuwa amepelekewa telegramu, yuko kwenye treni, na maiti haingoji treni. Mtoto wa dada yake mama alikuwa amefika kutoka Kisarawe, lakini mmoja hatoshi.

"Yuko huyu fundi," imamu akasema. "Nimemuuliza, ananiambia nimuulize dada yake. Sasa nakuuliza wewe mbele ya hawa. Ni mwana wa marehemu kweli, au ni mazoea ya watu tu?"

Wanawake wakanigeukia. Kupitia dirishani nilimwona amesimama karibu na jeneza, mkono kwenye mti wa kubebea, anatazama chini. Nilichohitaji kusema ni neno moja. Nikisema hapana, ni mtu huru, ni wangu, na imamu huyuhuyu angetuozesha. Nikisema hapana, mama yangu, pamba bado ziko puani, ni mwongo, na kwa muda wote ule mwanamume wa kando alikuwa anamfunua na kumshika, mimi nikitazama. Na yeye aliyemtunza mpaka akaingia kwenye sanda bila kidonda angesimama nyuma pamoja na majirani, wengine wampokee.

Haya nimeyapanga leo. Wakati ule sikupima kitu. Palikuwa na ganzi tu, na imamu anangoja.

"Ni mwanawe," nikasema. "Alimnyonyesha."

Jeneza likainuliwa. Baadaye nilielezwa kwamba yeye ndiye aliyempokea kichwani, akamlaza kwa ubavu, akamfungulia kamba za sanda. Wakasema walimwita mara mbili ndipo akapanda kutoka kaburini.

Kaka yangu alipofika alimkumbatia yule fundi mbele ya watu, akamwita ndugu yangu, akalia begani kwake. Siku ya arobaini fundi alileta mchele na mbuzi, kama mwana. Hakuniuliza kwa nini. Nilikuwa nimetayarisha majibu mengi, na hakuja kuyachukua hata moja. Tulipoagana aliniambia, "Dada, jihadhari na mgongo wako," na safari hii neno dada lilikuwa neno lenyewe.

Madawati yalikwisha akarudi Kisarawe. Shangazi yake alikufa, na mzee asiyeona akabaki hana wa kumwekea maji. Baada ya Ramadhani nikaletewa habari kwamba kaka yangu wa ziwa anaoa, na kwamba bila mimi harusi haina dada wa bwana harusi.

Nilikwenda. Nilivaa kanga mpya, nikapiga vigelegele pale panapopigwa, nikamshika bibi harusi mkono nikamwingiza ndani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, mpole, viganja vigumu vya jembe. Nilimtafuta kosa nisilione. Kesho yake asubuhi akanifuata jikoni, akachutama karibu yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Wifi, nisaidie mwenzio. Wewe ndiye unayemjua. Huyu kaka yako akinyamaza, nimfanyeje?"

Nikamwambia asimuulize. Amwekee maji ya kuoga, amwache, atasema mwenyewe akiwa tayari. Nikamwambia na mengine, anavyopenda shuka likunjwe, anavyoamka kabla ya adhana, na kwamba akisema hana njaa anadanganya. Nilimwambia yote niliyokuwa nayo.

Akanishukuru sana. Alisema usiku kucha alikuwa ananiogopa, maana kule alikoolewa kwanza mawifi hawakumwambia kitu.