Daktari wa Historia Alipofika Newala

Habari ilipofika Newala kwamba Daktari kutoka Afrika Kaskazini anakuja kukitazama kijiji chetu cha ujamaa, wakubwa walifanya walichokiweza kuliko vyote: walipaka rangi. Mawe ya barabarani yalipakwa chokaa, mikorosho ikapakwa hadi kiunoni, na pampu ya maji, ambayo haikuwa imetoa hata tone tangu masika, ikapakwa buluu. Mzee mmoja aliuliza kama weupe wote huo hautawaonyesha marubani wa Kireno mahali pa kuangushia mabomu, maana vita vya Msumbiji vilikuwa hapo ng'ambo ya Ruvuma tu. Akaambiwa asipinge maendeleo.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Niliitwa kutafsiri kwa sababu nilijua Kiingereza, na Kimakonde nilikinyonya kwa mama. Katibu wa chama, mtu wa kuja, aliyevaa viatu vya kung'aa hata siku za vumbi, alinivuta pembeni.

"Mwalimu, tafsiri vizuri. Si kila neno ni la mgeni."

Landrova iliposimama, Mwenyekiti wa kijiji alimkumbatia mwanamume wa kwanza kushuka.

"Karibu sana, Daktari! Na mama umekuja naye, vizuri sana!"

"Daktari ni huyo," yule bwana alijibu. "Mimi ni dereva."

Nyuma yake alikuwa ameshuka mwanamke mfupi, nywele zimeanza mvi, mkoba wake mkononi. Vigelegele vilikatika, vikaanza upya kwa mashaka.

Akapelekwa moja kwa moja zahanati, ambako wagonjwa wa vijiji vitatu walikuwa wamepangwa kwenye mabenchi. Aliponieleza kwamba yeye ni daktari wa historia, anafundisha chuo kikuu na ni mbunge kwao, nikawaambia. Bibi mmoja mwenye goti lililovimba akaniuliza, "Hiyo historia inauma wapi?"

Mgeni alicheka, akaketi kando yake. "Mwulize goti lilianza lini."

"Tangu tulipohamishwa," Bibi alisema kwa Kimakonde. "Mikorosho yangu imebaki kule, na maji nayafuata bondeni. Kushuka si kazi. Kazi ni kupanda na ndoo kichwani."

Mwenyekiti akadakia, "Mwambie anasema amefurahi sana kuhamia kijijini."

Nikatafsiri yote mawili: aliyoyasema Bibi, na aliyoagiza Mwenyekiti kwamba Bibi ameyasema. Mgeni akageuka kuitazama ile pampu ya buluu.

"Tunaweza kuifungua?"

"Fundi yuko Masasi," Katibu alisema haraka.

"Basi twende bondeni."

Itifaki haikumruhusu Katibu kumwacha mgeni, kwa hiyo alishuka nasi ule mteremko na viatu vyake. Alianguka mara ya kwanza kwa heshima. Mara ya pili alianguka kama watu wengine. Wanawake wenye ndoo walimpita wakisema, "Pole, Ndugu Katibu," kwa sauti tamu mno.

Njiani mgeni alinisimulia maisha yake. Ujanani alibeba ujumbe na risasi chini ya nguo, kwao walipopigana na Wafaransa. Uhuru ulipokuja, wanaume wakagawana vyeo na wanawake wakapewa shukrani. Yeye akaenda kusoma, akarudi kufundisha, akaingia bungeni.

"Nikisimama kusema, wananipigia makofi," alisema, "ili nikae."

Alikuwa akienda kuonana na wanawake wa Msumbiji waliokuwa wakivusha silaha mtoni. Alitaka kujua kama wao wameshaahidiwa kitu, au ni shukrani tu. Nilikuwa bado kijana, nikamwambia kwa hao wa Msumbiji bila shaka itakuwa tofauti. Alinitazama kwa huruma, na tulipokwisha kuteka maji akanisaidia kujitwisha ndoo.

Mwezi uliofuata nilihamishiwa Lupaso, kwa manufaa ya umma. Nililia usiku mzima, lakini nilipofika nikakuta nyumba ya mwalimu ina kisima mlangoni. Wakubwa wetu hata adhabu hawakujua kuitoa.

Miaka ikapita. Siku moja redio ikatangaza kwamba yule mama amekuwa waziri kwao. Katibu, ambaye sasa alikuwa na ofisi Masasi, aliwaambia watu kwamba yeye na mama huyo waliteka maji pamoja. Muda si mrefu redio ikasema ameondolewa, kwa maneno aliyoyasema bungeni kuhusu urithi wa wanawake. Nilikutana na Katibu sokoni wiki hiyohiyo.

"Shikamoo," nilimwamkia. "Umesikia habari za mgeni wetu?"

"Marahaba. Mgeni yupi?"

Yule mama alirudi chuoni kufundisha. Nilifurahi, nikawahurumia wanafunzi wake wavivu.