Nilinyamaza mbele ya kamati, sasa mwizi wa project ni mimi

Wakuu, salaam aleikum. Haya yamenifika mwenyewe, na nikitia chumvi Mungu ananiona.

Mimi ni msichana wa Mji wa Kale. Nimelelewa chumba kimoja na Rukia, mtoto wa marehemu khalati yangu, nduguye Mama. Tukaingia chuo kimoja, darasa moja.

Project yangu ilihusu kina mama wachora hina za harusi. Nilizunguka majumbani mwao nikiwarekodi kwa simu. (Kuna bibi alikataa kusema neno mpaka nikae nichorwe.)

Rukia akaomba aione, apate mwongozo tu. Nikampa flash. Utamnyimaje mtu mnayelala kitanda kimoja?

Akabadilisha jina, akawasilisha kabla yangu. Yangu ilipoingia, software ikasema imenakiliwa karibu yote. Nikaitwa kamati ya nidhamu.

Sikuogopa. Sauti zote za wale kina mama nilikuwa nazo.

Asubuhi ya kikao, Mama akanifuata nikivaa buibui.

"Mwanangu, yule hana baba wala mama. Wewe una sisi. Nakuomba umsitiri."

"Na mimi nani atanisitiri, Mama?"

"Mungu."

Kwetu, wakuu, kumwanika ndugu hadharani ni aibu ya nyumba nzima. Nikajipa moyo kwamba Rukia mwenyewe atasema kweli, maana naye aliitwa.

Akaapa hajui niliipataje kazi yake. Nikaulizwa mimi, nikatazama chini. Simu ilikuwa mkobani, sikuitoa.

Nikafukuzwa chuo.

Juzi Rukia kahitimu, Mama akamsomea maulidi nyumbani. Jirani mmoja akanitazama, akamwambia mwenzake, wala hakupunguza sauti, "Huyo ndiye alomwibia nduguye kazi."

Mama alikuwa hapo hapo na sinia la halua. Alisikia. Akamuuliza jirani kama aongezewe kahawa.

Niliumia kuliko siku ya kufukuzwa. Sina chuo, sina jina, na usingizi nalala ubavuni mwa Rukia.

Nilichojifunza: kumsitiri mmoja kwa kumvua mwengine si stara. Nyinyi mlioko vyuoni, kazi yako usimpe mtu hata kama mmenyonya ziwa moja.

Rufaa bado yawezekana. Lakini Mama ameapa, nikienda nisimwite mama tena.

Mngekuwa mimi mngefanyaje? Hata wa kunisuta karibuni, nimeshazoea.