Nilimjibia Mdogo Wangu

Mimi ni mtu wa mdomo. Hapa mtaani Kapata wananijua: ukimwonea mdogo wangu, nitafika mlangoni kwako kabla hujamaliza kusema. Tangu tukiwa watoto kule Kisenge, yeye akiulizwa, mimi ndiye ninayejibu. Laiti Mungu angenifunga huo mdomo!

Mwaka jana alianza kuhema kwa kupanda ngazi tatu tu za baraza. Yeye huuza makayabo sokoni, wale samaki wa chumvi, na alikuwa akibeba furushi zima peke yake. Sasa miguu ikajaa hadi akawa anavaa sandali za mumewe, na kulala akalala ameketi, mito mitatu mgongoni. Ana miaka arobaini na mmoja. Tukampeleka hospitali, mimi na shemeji, ambaye huendesha malori ya shaba.

Munganga, yaani daktari, akamwuliza, "Mama, mu mimba zako ulipataka tansiyo, damu kupanda? Uliangukaka kifafa?"

Mdogo wangu akaniangalia. Shemeji alikuwa ameketi pale pale. Nikajibu upesi, "Hapana, munganga. Hata kidogo."

Uongo mtupu. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alipata mimba ya kijana mmoja aliyekwenda kuchimba na asirudi. Mwezi wa nane kichwa kilimuuma, macho yakaona giza, akaanguka na kutetemeka mpaka akauma ulimi. Mtoto alitoka amekufa. Mama yetu akasema hicho ni kifafa, na mwanamke wa kifafa nani atamuoa? Tufunge midomo. Basi shemeji alipokuja kuposa, nikamwapia kwa Mungu kwamba mdogo wangu hajawahi kuugua kitu cha maana. Alipobeba mimba nyingine, nesi akauliza ni ya ngapi. Nikasema ya kwanza. Iliyofuata, nikasema ya pili. Alivimba uso na miguu mara zote mbili, nikasema ni chumvi ya makayabo. Jamani, nilijiona mwerevu!

Dawa alipewa, lakini mwezi uliopita tulirudi hospitali hali yake ikiwa mbaya zaidi. Munganga akatuambia moyo umepanuka na umechoka, naye haelewi sababu kwa mama mwenye umri ule. Akauliza tena yale yale. Nikafungua mdomo. Mdogo wangu akanishika mkono.

"Niliangukaka, munganga," akasema. "Mu mimba ya kwanza. Mutoto alikufa."

Munganga akaweka kalamu chini. Akatueleza kwamba kile hakikuwa kifafa tunachokiogopa. Ilikuwa tansiyo ya mimba, na mwanamke aliyeipata anatakiwa kupimwa kila mwaka maisha yake yote, hata akijisikia mzima, kwa sababu baadaye tansiyo inaweza kurudi polepole na kuula moyo. Mdogo wangu hakupimwa hata mwaka mmoja. Nikauliza, sasa je? Akasema dawa zitamsaidia kupumua, ila moyo hautarudi ulivyokuwa.

Sikuweza kumtazama shemeji. Nilingoja anipigie kelele, na nilitaka anipigie. Akasema taratibu, macho chini, akiniita yaya, yaani dada mkubwa:

"Yaya, mi nilijuaka. Mama yenu aliniambiaka yote kabla ya ndoa. Aliniomba nisimupatishe mudogo wako haya, ndiyo nilinyamaza."

Mama! Marehemu mama yetu, aliyetufunga midomo sisi, akaenda akamwambia yeye! Miaka yote ile nimelinda mlango uliokuwa wazi. Nililia mbele ya watu, mimi nisiyeliaga.

Mdogo wangu akacheka kidogo, pumzi ikamkatika, akangoja irudi.

"Yaya," akasema, "kumbe ni banganga tu ndiyo habakujuaka."

Kisha akaniomba nimvalishe sandali, maana kuinama hawezi tena.