Jiwe la Mama na Maarifa ya Mafarao

Mama alifariki mwaka wa tisini na mbili, muda mfupi kabla ya masika. Mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, na sanda haishonwi. Nilikata kitambaa tu, nikaweka mkasi chini. Likabaki jambo moja la kumfanyia: jiwe la kichwani. Makaburi yetu yako kwenye mteremko, na mvua ikishuka, tuta husambaa likawa sawa na ardhi. Kaburi la baba lilipotea hivyo.

Nilitaka jiwe dogo la kubeba mikononi. Bahati yangu nilikuwa na shemeji, mume wa dada, aliyesoma Misri. Dini aliyoisoma huko hatukuisikia sana, tulisikia piramidi. Kwenye matanga, watu wakisubiri kisomo, alitueleza jinsi watu wa kale walivyoburuta mawe mazito: unalilaza jiwe juu ya magogo yaliyofungwa pamoja, watu wanavuta kamba, mmoja anamwaga maji mbele, mchanga unashikamana, jiwe linateleza lenyewe. Imamu akamkumbusha kwa upole kwamba dini yetu haipendi makaburi ya fahari. Shemeji akajibu kwamba hiyo si fahari, ni elimu.

Basi akachagua bamba la jiwe kule bondeni, pana kama kitanda. Kamionete, gari dogo la mizigo, haikupatikana, maana vita vya kaskazini vilikuwa vimeadimisha mafuta. Hilo lilimfurahisha kabisa, kwani mafarao nao hawakuwa na kamionete. Wanaume wa mtaa tukashika kamba. Yeye akashika mwavuli.

"Ustadhi," jirani yangu muuza nyama akamwuliza, "farao naye alikuwa anavuta, au alikuwa anatazama?"

"Mimi ni msimamizi."

"Nimeuliza tu. Sasa naelewa kwa nini zile piramidi zilichukua muda."

Kilima kilipoanza, akaamuru maji. Yakamwagwa. Huko Misri, naamini, ni mchanga. Kwetu ni udongo mwekundu, ambao ukilowa hata mbuzi huuheshimu. Tulianguka mmoja baada ya mwingine, kwa nidhamu. Jiwe likarudi bondeni peke yake, kwa kasi ambayo hakuna farao aliyewahi kuipata, likajikita mtaroni. Shemeji akasema maji yalizidi kidogo. Kesho tungepima vizuri.

Kesho yake ikanyesha. Na siku zilizofuata. Shemeji akakaa barazani kwetu, miguu mikavu, akieleza mafuriko ya Nile na faida zake kwa wakulima.

Mvua ilipokatika, nilipanda makaburini nimekumbatia jiwe la ukubwa wa mkate. Matuta yote mapya yalikuwa yamelala. Nilizunguka sana. Nikakumbuka kwamba siku ya mazishi nilisimama upande wa miguu, jua likinichoma shavu la kushoto. Nikasimama hivyo tena, nikakisia kichwa kilipo, nikaliweka jiwe.

Watu huniuliza kama mama yuko pale. Dada yangu hutaka niseme ndiyo. Mimi husema nadhani.