Mheshimiwa Asiyetoa Visa

Shangazi yangu ni mbunge huko Marekani, lakini si wa lile bunge kubwa la taifa. Ni wa bunge la jimbo moja tu, na tofauti hiyo ndiyo iliyotutia aibu Ijumaa aliyopitia kwetu hapa Doha akingoja ndege ya Nairobi.

Mimi nilikuwa naijua tofauti hiyo vizuri. Siongei sana, hata mwalimu huniuliza kama nimemeza ulimi, lakini vikao vya shangazi huvitazama mtandaoni peke yangu, hata vile vya kuchosha vya mitaro ya maji. Alienda kule kuogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Alipogombea mara ya kwanza, akizunguka nyumba kwa nyumba kuomba kura, mzee mmoja alimfungulia mlango akamuuliza chakula alichoagiza kiko wapi. Alishindwa. Akashindwa tena. Mara ya tatu akaingia, na mzee yuleyule alikuwa amesimamisha bango la shangazi uani kwake. Mimi ningeacha pale kwenye ule mlango.

Baba, ambaye ni kaka yake, hajawahi kutazama hata kikao kimoja, ila kujivuna alijivuna. Alikuwa amemwambia rafiki yake, mlinzi katika hoteli moja ya West Bay, "Dada yangu akikuja, hiyo maneno ya visa itaisha." Kwa hivyo rafiki wa baba alifika nyumbani kwetu mtaa wa Al Thumama na shati lake la kanisani na bahasha mkononi. Ejenti mmoja wa kazi za ng'ambo alikuwa amemtumia barua ya kazi katika nyumba ya wazee, kwenye jimbo lilelile la shangazi. Jumapili angeacha kazi. Alichotaka ni Mheshimiwa asukume visa tu.

"Siwezi," shangazi alisema, hata chai hajaionja. "Visa ni ya serikali kuu. Sisi ni barabara, shule, leseni."

Baba aliangalia zulia. Rafiki yake akacheka, kicheko kibaya. "Kumbe ni MCA!"

MCA kwetu Kenya ni diwani wa kaunti, na hakuna mwanasiasa anayetaniwa kama yeye. Nilitamani ardhi ipasuke. Shangazi akacheka kumshinda. "Haswa! MCA wa kwenye baridi."

Yule bwana alianza kurudisha barua kwenye bahasha. Hapo nikasikia sauti yangu mwenyewe: "Shangazi, si wewe uko kwa kamati ya leseni za nyumba za wazee?"

Wote wakanigeukia. Nilihisi masikio yakiwaka.

"Ebu nione hiyo barua, kaka," shangazi alisema.

Aliisoma polepole, kidole chini ya kila mstari, vile huwa anasoma miswada. Kisha akafungua kwenye simu orodha ya nyumba zote zenye leseni. Kamati yake ndiyo iliyopigania orodha hiyo iwe wazi kwa kila mtu. Jina halikuwapo. Akanipa simu nitafute anwani kwenye ramani. Ilikuwa duka la matairi.

"Pengine wamehama," yule bwana alisema.

"Hawajahama. Hawajawahi kuwa huko. Usiache kazi, kaka."

"Na MCA atajuaje?"

"Hii ndiyo kitu MCA anajua."

Alisema kwa upole. Ningekuwa mimi, ningeringa kidogo.

Yule bwana aliniomba nitafute tena, labda wamekosea namba moja. Nikatafuta barabara yote. Karakana, karakana, kisha uwanja mtupu. Akatoa mfukoni karatasi nyingine, barua ya kuacha kazi aliyokwisha kuitia sahihi, akaichanachana juu ya kisahani cha mama. Hakumshukuru shangazi.

"Sasa mama watoto nitamwambia nini?" aliuliza. "Ameshaaga mpaka kanisani, ati tunahamia Marekani."

Shangazi alivuta kiti akakaa karibu naye. "Mpigie sasa hivi nikiwa hapa," alisema. "Akikasirika, nipe simu."