Funguo Mbili za Sefu

Benki niliyofanyia kazi Kilindoni ilikuwa ya ndugu wawili, wameirithi kwa baba yao. Mimi peke yangu niliingia kwa cheti. Wengine wote waliingia kwa kuzaliwa. Mkubwa alifunga tai kwenye joto lile, jamani, na mdogo alijiita mkurugenzi hata mbele ya muuza pweza.

Sefu halikufunguka mpaka funguo mbili ziingie pamoja. Marehemu alimwachia kila mtoto ufunguo mmoja, wasije wakaibiana. Kumbe alisahau kwamba wanawe hao wananuniana kama wake wenza.

Kwenye khitma yake wakagombana. Mdogo alichelewa, akakuta sinia la mbele, la mashehe, limeshajaa, akapelekwa kula barazani na madereva. Basi! Akabeba ufunguo wake, akahamia kwenye shamba lao la minazi Kirongwe, akaapa hakanyagi benki mpaka kaka yake amwombe radhi.

Wiki hiyohiyo akaja mama mmoja wa Ndagoni, mkulima wa mwani. Alikuwa ametuwekea dhahabu aliyoachiwa na mama yake, kidani na bangili, na binti yake anaolewa Jumapili.

"Nimefuata vitu vya bibi harusi, mwanangu," akaniambia.

Nikamweleza. Akacheka, akidhani namtania. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Nikaenda kwa mkubwa. "Mimi ndiye kaka," akasema, huku akiiweka sawa tai yake. "Yeye ndiye aje."

Nikakodi bodaboda mpaka Kirongwe. Mdogo kajilaza kwenye mkeka, anakunywa dafu. "Mwambie nilikula na madereva," akasema. Nikamwambia basi anipe mimi huo ufunguo, mtoto wa watu anaolewa. "Ufunguo wa baba haushikwi na mwajiriwa. Halafu mtu wa Ndagoni na dhahabu, wapi na wapi?" Nilitamani kummwagia dafu lile kichwani. Mijitu mizima, ovyo kabisa!

Jumapili binti akaolewa na kidani cha dukani, cha kuazima, kimeanza kuchujuka rangi. Mabwana wawili walialikwa, na walikuja. Shughuli yenye pilau hawaikosi. Mama wa Ndagoni akaagiza wakalishwe sinia moja, la mbele kabisa. Wallahi, walikula! Goti kwa goti, mkubwa anamsogezea mdogo minofu, mdogo anacheka, utadhani hawajawahi kununiana maishani.

Walipomaliza, yule mama akatoka mwenyewe na birika kuwanawisha.

"Wanangu, funguo mmekuja nazo?"

Wote wawili wakapapasa mifuko. Zilikuwepo.

"Tunazo, mama," mkubwa akajibu, akijifuta mafuta mdomoni. "Ila leo Jumapili, benki haifunguliwi. Pita kesho."